Bunduki "tupu" na mtoto wa miaka tisa: Ukialikwa kwenye maonyesho ya silaha Marekani

Wiki hii swali limetoka mbali. Mama mmoja Mtanzania anayeishi Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, ametuandikia hivi:

"Mdogo wangu, habari za kazi. Mume wangu amealikwa na mwenzake wa kazini kwenda kwenye maonyesho ya bunduki. Anataka kwenda na kijana wetu wa miaka tisa kwa sababu tangazo linasema watoto wanaingia bure wakiwa na mzazi. Baba mkwe naye yuko huku kututembelea na anataka kwenda kuangalia. Mimi roho inasita. Mume wangu anasema mlangoni kuna polisi na bunduki zote ni tupu. Je, nina hofu ya bure?"

Dada, asante kwa swali. Hofu yako si ya bure, ingawa mume wako naye hajakosea yote. Ni kweli kwamba maonyesho mengi yana ukaguzi mlangoni. Tatizo liko kwenye hilo neno "tupu".

Kwanza, kwa wasomaji tulio huku nyumbani ambako silaha ni jambo la kibali cha polisi, tupate picha. Fikiria ukumbi mmoja mkubwa wa Sabasaba, lakini meza zote zimejaa bunduki, bastola, visu, risasi na nguo za kijeshi. Watu wanakata tiketi, wananunua soda, wanatembea na familia zao. Wapo wauzaji wenye leseni, na wapo wageni wa kawaida waliokuja na bunduki zao wenyewe begani, pengine na karatasi ya bei imening'inia, wakitafuta wa kuuziana au kubadilishana naye. Kwa maneno mengine, silaha haziko mezani tu. Zinatembea ukumbini pamoja na watu.

Sheria ya jimbo na sheria ya mlangoni

Wazazi wengi wageni huchanganya mambo mawili. La kwanza ni sheria ya jimbo. Huko Ohio, tangu Juni 2022, mtu mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea ambaye hakukatazwa na sheria kuwa na silaha anaweza kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo bila kuwa na kibali. Majimbo mengine yanadai kibali. Kwa hiyo ukivuka mpaka wa jimbo, sheria nayo inabadilika.

La pili ni kanuni za mwenye ukumbi au mwandaaji wa maonyesho. Huyu ana haki ya kuweka masharti yake hata kama sheria ya jimbo inaruhusu kubeba. Na hapa ndipo pana jambo la kuzingatia: maonyesho mengi ya bunduki hayaruhusu mgeni kuingia na bunduki yenye risasi.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Ukija na silaha, unaipeleka moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi anatoa magazini, anafungua silaha na kuangalia ndani kama kuna risasi, kisha anapitisha kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, ili silaha isiweze kufyatua. Kamba hiyo haikatwi mpaka mtu atoke nje. Risasi na magazini zilizojazwa haziingii pamoja na bunduki. Mahali pengine hata mwenye kibali cha kubeba anaambiwa aiache bastola yake nje, na msamaha hutolewa kwa polisi tu. Kila mwandaaji ana kanuni zake, na kwa kawaida huzibandika mlangoni na kuzitangaza kabla ya siku yenyewe.

Mzazi, hebu fikiria maana yake. Watu wanaozijua bunduki kuliko mimi na wewe, wanaozipenda na kuzifanyia biashara, wamekubaliana kwamba mwenye bunduki akisema "haina kitu", neno lake halitoshi. Ni lazima mtu mwingine aifungue, aangalie, aifunge. Kama wao hawaliamini neno hilo, sisi tuliamini kwa lipi?

Siku moja, maonyesho matatu

Tarehe 19 Januari 2013 inaeleza kwa nini kanuni hizo zipo. Siku hiyo moja, bunduki zilifyatuka kwa bahati mbaya katika maonyesho matatu tofauti nchini Marekani na kujeruhi watu watano.

Huko Raleigh, North Carolina, mgeni alikuwa mlangoni akifungua zipu ya mfuko wa shotigani yake ili ikaguliwe. Ikafyatuka. Watu watatu walijeruhiwa na marisau.

Huko Medina, katika jimbo lako la Ohio, mfanyabiashara wa silaha alikuwa ndani ya ukumbi akiikagua bastola aliyotoka kuinunua. Akavuta triga. Risasi ikagonga sakafu, ikamrudia mshirika wake wa siku nyingi katika biashara na kumjeruhi mkono na mguu.

Huko Indianapolis, Indiana, mtu aliyekuwa akiondoka alianza kujaza risasi kwenye bastola yake baada ya kutoka kwenye maonyesho. Akajipiga risasi ya mkono.

Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa siku hiyo. Lakini angalia mahali penyewe: mlangoni kabla ya ukaguzi, mezani, na njia ya kutokea. Na wahusika hawakuwa watoto wala wahuni. Walikuwa watu wazima waliozoea silaha, mmoja wao akiishi kwa kuziuza.

Kwa hiyo polisi wa mlangoni anaomzungumzia mume wako anasaidia kweli, ila anasaidia baada ya silaha kufika mikononi mwake. Hatua ishirini kabla ya meza yake, na hatua ishirini baada ya mlango wa kutokea, mtu yupo peke yake na bunduki yake. Hata sehemu ya kuegesha magari si ya kupuuza, kwa sababu ndiko waliozuiwa kuingia na risasi hutolea na kujazia bastola zao.

Kwa nini iliyotolewa magazini bado inaua

Watu wengi wasiojua silaha hudhani magazini ikishatoka bastola imekwisha kazi. Sivyo. Bastola nyingi za kisasa hubeba risasi sehemu mbili: kwenye magazini, na risasi moja iliyokwisha kupanda kwenye chemba, tayari kwa kufyatuliwa. Ukitoa magazini, ile moja ya kwenye chemba inabaki palepale. Baadhi ya bastola zimeundwa zisifyatue bila magazini, lakini nyingi hufyatua kama kawaida.

Ndiyo maana walimu wa silaha Marekani hufundisha kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marines. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Usiweke kidole kwenye triga mpaka uwe tayari kufyatua. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Kanuni hizo ni nzuri, na mume wako akizishika atakuwa salama zaidi. Lakini ni kanuni za mtu anayeweza kujizuia. Kijana wa miaka tisa bado anajifunza kujizuia hata asile biskuti kabla ya chakula.

Watoto 64 na droo moja

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanyika Atlanta. Watafiti waliwachukua wavulana 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12, wakawaweka kwa vikundi katika chumba kimoja, wao wakiwaangalia kwa siri. Kwenye droo mlikuwa na bastola halisi, iliyotayarishwa isiweze kumdhuru mtu. Watoto hawakuambiwa.

Wavulana 48 waliigundua. Kati yao, 30 waliishika, na 16 walivuta triga. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli. Na kubwa zaidi, walio wengi kabisa kati ya walioishika walikuwa wamekwisha kufundishwa namna fulani kuhusu usalama wa bunduki.

Sisemi usimfundishe mtoto. Mfundishe maneno manne: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Ila usiyategemee maneno hayo peke yake. Mtoto hulindwa na umbali na kufuli.

Maonyesho yenye sehemu ya kufyatua

Kuna jambo moja ambalo ningemwomba mume wako aliulize kabla ya yote: je, ni maonyesho ya kuuza tu, au kuna sehemu ya kujaribu kufyatua?

Oktoba 2008, huko Westfield, Massachusetts, kulikuwa na tamasha la silaha katika klabu ya wapiga shabaha ambako wageni waliruhusiwa kufyatua bunduki zinazomimina risasi mfululizo. Mtoto wa miaka 8 alipewa Uzi ndogo. Bunduki hiyo ilipofyatuka ilimshinda nguvu, mtutu ukapanda na kumgeukia kichwani. Alifariki. Baba yake alikuwa palepale. Aliyekuwa akimsimamia kwenye mstari wa kufyatulia alikuwa kijana wa miaka 15. Mwandaaji wa tamasha hilo alishtakiwa, na mwaka 2011 mahakama ikamwachia huru.

Nimelieleza hilo kwa uzito kwa sababu wazazi hujipa moyo kwamba "nitakuwa naye". Kuwa naye hakutoshi ikiwa mikono yake midogo imepewa kitu ambacho hata mtu mzima hukishika kwa mafunzo. Kwa mtoto wa miaka tisa, jibu la sehemu ya kufyatua liwe hapana.

Babu na viza yake

Sasa tuje kwa baba mkwe. Hapa hatari yake inatoka kwenye sheria.

Sheria ya shirikisho la Marekani, yaani inayotumika katika majimbo yote, inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kuwa na bunduki au risasi. Viza ya matembezi imo humo, na ya masomo pia. Aliyepo nchini bila kibali halali naye amekatazwa. Ipo misamaha michache, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko, lakini si jambo la kukisia ukiwa umesimama mezani. Na sheria hiyo haizungumzii kununua peke yake, inazungumzia kuwa nayo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hili la viza, ingawa akipatikana na kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini.

Hivyo basi, babu akienda, akaangalie kwa macho. Asishike bastola ili apigwe picha ya kutuma kwenye kundi la familia. Asikubali kumbebea mtu mfuko. Asinunue hata boksi la risasi. Na mume wako asinunue silaha kwa niaba ya mtu aliyekatazwa kuwa nayo, kwa sababu hilo nalo ni kosa kubwa la jinai. Mwenye shaka aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya Jumamosi, asingoje mpaka baada yake.

Na kama mume wako mwenyewe anafikiria kununua, ajue kwamba muuzaji mwenye leseni analazimika kuchunguza rekodi ya mnunuzi kupitia mfumo wa shirikisho ulioanza kazi 1998. Mtu binafsi anayeuza bunduki yake mwenyewe halazimiki kufanya hivyo katika majimbo kadhaa, Ohio likiwemo. Ni afadhali kununua kwa mwenye leseni na kubaki na karatasi zako.

Risasi nyingine

Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi inayotoka kwenye bunduki, na risasi madini. Madini hayo bado hutumika sana kutengenezea hizo za kwenye bunduki, na vumbi lake hubaki kwenye silaha iliyotumika, kwenye maganda na kwenye mikono ya anayezishika. Kwa watoto madini haya huathiri ubongo unaokua, na hakuna kiwango kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo mume wako akirudi, anawe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula au kumbeba mdogo wenu, na abadilishe nguo na viatu ikiwa alishika silaha na risasi nyingi. Kitakasa mikono hakiondoi madini.

Basi waende au wasiende?

Ushauri wangu, dada, ni kwamba kijana abaki nyumbani. Hakuna anachokikosa pale ambacho hawezi kukiona akiwa mkubwa. Ikiwa mmekubaliana kama wazazi kwamba aende, basi haya yawe masharti yenu:

1. Someni kanuni za maonyesho kabla ya siku. Kama hazisemi wazi kwamba silaha zinakaguliwa, zinatolewa risasi na kufungwa mlangoni, msiende.

2. Familia isije na silaha yoyote. Mwenyeji wenu akija na yake, mwende kwa magari tofauti na mkutane ndani.

3. Msisimame karibu na meza ya ukaguzi. Piteni haraka.

4. Mtoto ashikwe mkono muda wote, na asiguse kitu chochote mezani hata muuzaji akimkaribisha.

5. Mkimwona mtu anaelekeza mtutu kwa watu au bunduki isiyo na kamba, ondokeni eneo hilo kwanza, kisha mwambieni msimamizi.

6. Wakati wa kutoka, nendeni moja kwa moja kwenye gari. Mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari ambamo kuna silaha.

Swali ambalo hukuuliza

Nimalizie na jambo ambalo naliona zito kuliko maonyesho yenyewe. Mwaka 2020, kwa mujibu wa takwimu za kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, bunduki zilipita ajali za magari na kuwa sababu namba moja ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini humo. Wengi wao hawakufa kwa ajali ya kufyatua. Wengi waliuawa na wengine, na wengi pia walijiua, hasa vijana wakubwa.

Maonyesho yana meza ya ukaguzi, polisi na kamba ya plastiki. Nyumba ya yule mwenzake mume wako haina hata kimoja kati ya hivyo. Mtu anayewaalika kwenye maonyesho ya bunduki huenda anazo nyumbani. Je, kijana wenu huenda kucheza huko? Hulala huko siku za likizo?

Chama cha madaktari wa watoto Marekani kinawashauri wazazi waulize kabla mtoto hajaenda kucheza kwenye nyumba ya mtu. Najua sisi tuna haya ya kumhoji mwenyeji. Lakini tunauliza kama kuna mbwa mkali, na tunasema mtoto hali karanga. Weka swali hili katikati ya hayo: "Samahani, nyumbani kwenu kuna bunduki? Mnaifungia wapi?" Mwenye bunduki makini hatakasirika. Atakuonyesha kufuli.

Jibu unalolitaka lina sehemu tatu: bunduki haina risasi, imefungiwa kwa ufunguo au namba ambayo watoto hawaijui, na risasi zimefungiwa mahali pengine. Likipungua moja, watoto wachezee kwenu. Na mume wako akinunua ya kwake, kipimo kiwe hichohicho, hasa kama ndani ya nyumba kuna kijana anayepita kwenye huzuni au msongo. Kufuli humpa muda wa kufikiri tena na humpa mtu muda wa kumfikia.

Kwa hiyo, dada, kabla ya Jumamosi kaa na mume wako muongee, ila msizungumzie tiketi peke yake. Muulizeni na yule rafiki yenu bunduki zake hulala wapi.

*Una swali kuhusu afya na usalama wa familia yako? Tuandikie kupitia ukurasa huu. Jina lako halitachapishwa.*